Ile Nafasi Tupu Kwenye Tangazo la Dahir

Habiba, binti wa aabo,

Assalaamu alaykum. Cheka mwandiko wangu ukitaka, lakini cheka ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na aliyeiandika ni mimi mwenyewe. Yule karani anayekaa nje ya posta nimemkataa. Alinivutia kiti, nikamwambia mtu aliyewauzia ngamia Waarabu, wanajeshi na watu wa bara, na wote wakarudi kununua tena, hashindwi na kalamu.

Unajua kwa nini naandika kwa Kiswahili. Kisomali ninacho mdomoni, lakini kukiandika sikufundishwa na mtu. Kiarabu changu kinaishia kwenye Kurani. Herufi nilizo nazo ni zile za gumbaru, darasa la watu wazima, nilizopewa na mwalimu wa kutoka Mwingi chini ya bati la chifu. Nilikuwa wa kwanza darasani. Ni kweli wenzangu wengine walikuwa hawaoni vizuri, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Nimeanza baada ya alasiri, wanawake walipokuja kukuaga na nyumba ikajaa. Nimekaa huku nyuma kwenye zizi la mbuzi, naandikia kwenye mgongo wa debe. Mama yako amemaliza kazi yake. Amekwambia habari za chakula, za nguo, za sala, za baridi ya Nairobi na za wanaume. Nilikuwa nje ya mlango nikasikia. Yote ni kweli isipokuwa hilo la wanaume, amewasifu mno. Mimi hapo sina la kuongeza.

Mimi nataka kusema habari ya tangazo la Dahir.

Utasema unaijua. Unaijua, ndiyo, ulikuwepo. Lakini acha niipange kwa mkono wangu, maana nikiipanga ndipo ninaona nilipopotea.

Kaka yako Dahir alivuka mpaka pale Elwak kwenda kumwona mjomba wake, wewe ukiwa bado unavaa sare ya shule ya msingi. Akiwa huko, vita vikawashika. Mjomba alifika kambi ya wakimbizi bila yeye. Dereva mmoja akatuambia alimwona Kismayu akipanda chombo. Mwingine akasema si yeye, ni mtu mwenye mabega kama yake. Hayo ndiyo yote tuliyopata. Nikamtafuta kama ninavyojua mimi, kama mtu anavyotafuta baadi. Mnyama akiwa baadi, amepotea, hukai nyumbani ukilia. Unatuma maneno. Nilituma maneno kwa malori mpaka Buna, mpaka Kotile, kwa kila mtu anayenywesha kisimani: kijana mrefu, ana kovu kwenye nyusi, anacheka kabla hajamaliza kusema. Walileta habari za vijana wengi warefu.

Halafu mvua ile kubwa ikakata barabara, wale watu wa misaada wakafungua ofisi yao, wakakuajiri kupiga chapa. Jioni moja ukaja unakimbia, viatu mkononi.

"Aabo, kuna ukurasa kwenye kompyuta. Watu wetu walioko ng'ambo wameutengeneza. Una kitabu cha wageni. Kila mtu anaandika anayemtafuta, na wanaosoma wako Kanada, wako Uholanzi, wako kila mahali."

"Na nani anakibeba hicho kitabu mpaka Uholanzi?"

"Hakibebwi, Aabo. Kinapita kwenye waya wa simu."

Nikakwambia waya wa simu wa Garissa haujaweza kunifikishia salamu Thika, sembuse kitabu. Lakini kesho yake nilivaa koti langu la Idi nikaja.

Unakumbuka siku ile? Wekesa, yule fundi wa mitambo, alinipa kiti chake. Mashine ikaanza kulia kama ndama aliyekabwa na kamba, nikashika bakora. Wekesa akacheka: "Tulia mzee, inaongea na Nairobi." Nikamwambia mimi pia nimeongea na Nairobi mara nyingi na sikupiga kelele namna hiyo.

Kisha ukaanza kuniuliza niseme nini. Na mimi nikaanza kuharibu.

Nilitaka jina langu liwe la kwanza, kubwa kuliko la Dahir. Ni kweli, nilisema hivyo. Nilisema watu wa Kanada lazima wajue anayetafuta ni nani. Wewe ukaniuliza kwa upole, "Nilinenepeshe, Aabo?" Nikasema linenepeshe, lipake nyekundu, na ile dawa ya kufanya neno liwakewake kama taa ya gari la polisi, tia hiyo pia. Ukanionyesha jinsi inavyofanywa. Kuna alama mbili, moja ni mdomo uliofunguka kuelekea kulia na nyingine ni mdomo uliofunguka kuelekea kushoto. Ukiweka herufi kati ya midomo hiyo miwili, kompyuta inajua kwamba hayo si maneno ya watu, ni amri yake yenyewe. Inaimeza, haionyeshi kwa msomaji, na inafanya ilichoambiwa. Ukiweka b ndani ya midomo, herufi zote zinazofuata zinanenepa. Mpaka uweke tena b ile ile, safari hii na kijiti cha mshazari mbele yake, ndipo zinarudia wembamba wao.

Nilielewa mara moja. Hata Wekesa alishangaa. Nilimwambia ni kama kufungua zizi, usipofunga wanatoka wote. Nilielewa, lakini sikusubiri. Laini ilikuwa inakatikakatika, wewe ulikuwa bado unaandika, na mimi nikakupigia kelele: "Tuma! Tuma kabla haijakufa!" Ukatuma. Ile b ya kufunga ikabaki kwenye vidole vyako.

Ulipofungua ukurasa tena baadaye, wote walioandika chini yetu walikuwa wamenenepa. Mama anayemtafuta dada yake, mnene. Kijana anayeuliza habari za shule, mnene. Kuna mmoja aliandika: "Mzee wa Garissa, tafadhali funga herufi zako, ukurasa mzima unapiga kelele." Uliponisomea, wallahi nilifurahi. Nilienda sokoni nikasema watu wa dunia nzima wanaongea kwa sauti yangu.

Wewe hukucheka. Ukaandika ujumbe usio na neno hata moja, wenye ile alama ya kufunga tu, ukautuma, na ukurasa wote ukashusha pumzi. Nilikuona ulivyofanya. Sikusema asante. Nasema leo.

Wekesa ndiye aliyeniambia, "Mzee, ukinenepesha yote, jicho litajua litazame wapi?" Nikamwambia aangalie waya zake. Lakini neno hilo lilinifuata mpaka kitandani. Maana ndivyo nilivyokulea, Habiba. Kila kitu nilikisema kwa herufi nene. Chai imepoa, kelele. Mbuzi amekula kanga, kelele. Siku Dahir alipoaga kwenda Elwak nilikuwa napiga kelele habari ya pampu ya maji, na kilichonibakia masikioni ni pampu. Sauti yake ya kuaga sinayo.

Basi. Tulifanya tangazo jipya. Safari hii ulinikataza rangi, nikakubali, nikajiona mtu wa busara. Nikasema tuandike kitu ambacho mtoto wangu akikiona atajua bila shaka ni nyumbani: chapa ya ngamia wetu. Chapa ile babu yangu aliichoma kwa mkono wake, pembe mbili zinazotazamana na duara katikati. Ukaichapa vizuri kabisa, mdomo mmoja, duara, mdomo wa pili. Niliona kwa macho yangu kwenye kioo wakati unaandika. Ukatuma. Kisha ukanitolea karatasi kwenye ile mashine inayokwaruza, nami nikaikunja nikaiweka mfukoni bila kuisoma, maana miwani ilikuwa nyumbani.

Niliibeba mpaka sokoni. Nikampa Gedi aisome mbele ya madalali wote. Unamjua Gedi, tumegombana naye tangu ujana na hakuna mtu ninayempenda zaidi pale sokoni. Akainua karatasi, akasafisha koo kama imamu.

"'Chapa yetu ni,'" akasoma, "'upande wa kushoto wa shingo.'" Akageuza karatasi, akaangalia nyuma. "Ni nini, bwana? Chapa yenu ni hewa?"

"Soma vizuri wewe!"

"Nimesoma. Hapa kuna nafasi tupu. Oneni. Huyu mzee anachoma ngamia kwa upepo."

Walicheka mpaka wanunuzi wa Tana wakaja kuuliza kuna nini. Mmoja akasema labda ndiyo maana ngamia zake hupotea. Habiba, nimechekwa maishani, lakini si kwa chapa. Nilikuja ofisini kwako na karatasi mkononi.

Wewe ulishaelewa kabla sijafika. Kompyuta ilikuwa imeona midomo miwili na kitu katikati, ikadhani ni amri yake, ikaimeza. Haikuijua amri hiyo, kwa hiyo haikufanya kitu. Ikaimeza tu na kunyamaza, na pale chapa ilipokuwa pakabaki nafasi. Wekesa akasema ipo dawa. Badala ya kuandika mdomo wenyewe, unaandika jina lake la siri: ile alama inayofanana na mtu aliyechuchumaa, kisha herufi mbili, kisha nukta yenye mkia chini yake. Kompyuta ikiona hivyo haimezi. Inajua unataka mdomo uonekane kwa watu.

Na hapo ndipo ulipozuia mkono wako juu ya zile herufi ukaniambia neno. Nataka nilikumbuke kama ulivyolisema.

"Aabo, tuiache kwanza hivi. Atakayeijua ataisema mwenyewe."

Mtoto wa mjini, hujawahi kushika chuma cha moto, hujawahi kulala kisimani ukingoja mwenye mnyama. Na ulisema kile ambacho mimi, dalali, mwana wa wachungaji, nimekifanya maisha yangu yote. Baadi akiingia kwenye ngamia zako hutangazi chapa yake. Unasema tu, ninaye jike ambaye si wangu. Anakuja mtu anadai. Unamwambia, eleza. Anaeleza chapa, iko upande gani, sikio limekatwa vipi. Akipatia, anachukua. Ukiitaja wewe kwanza, kila mwongo wa jangwani atakuja na chapa hiyo hiyo mdomoni. Mtoto wa kuchunga mbuzi analijua hilo.

Ile nafasi tupu ilikuwa inafanya kazi yangu. Mashine isiyojua ngamia ilikuwa imeficha chapa kama mchungaji mwenye akili, na aliyekuwa mjinga pale chumbani ni mimi.

Nikakujibu nini? Nikasema, "Unataka Gedi anicheke mpaka nife?" Nikapiga meza. Wekesa akatoka nje. Ukaandika majina yale ya siri, mdomo, duara, mdomo, ukaweka tangazo jipya chini ya lile la kwanza, na chapa ya babu yangu ikatokea kwenye kioo, safi, wazi, kwa dunia nzima. Niliishika karatasi hiyo nikarudi nayo sokoni nikitembea katikati ya barabara.

Jibu lilikuja baada ya mwezi wa Ramadhani. Ulitusomea tukiwa kwenye mkeka, mimi na mama yako, na nimelisoma tena mwenyewe mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo.

"Aabo na hooyo, ni mimi Dahir. Niko hai. Niliiona chapa yetu nikakaa chini nikalia. Hapa ni baridi. Nijibuni."

Na chini yake ameichora, mdomo, duara, mdomo.

Mama yako hakulia. Alisimama akaenda kupaka chokaa kile chumba cha nje, cha Dahir. Kesho yake kulikuwa na mbuzi kwenye sufuria na majirani uwanjani. Na mimi? Mimi nilikuwa mwenye sauti kuliko wote. Nilisema mtoto wangu amepatikana kwa akili yangu, kwa chapa yangu. Gedi alikuja, akala, akanikumbatia. Wageni walipopungua akaniuliza polepole, bila mzaha, na Gedi bila mzaha ni kitu kibaya:

"Alieleza chapa kabla hujaionyesha, au baada?"

Nikamwambia baada.

"Uliitangaza baadi?"

Nikaanza kukusanya sahani. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Inshallah ni yeye." Akaenda zake. Hajanitania tangu siku hiyo. Ningependa anitanie.

Kwa hiyo sijui, Habiba. Ndiyo maana unaniona nakaa huku nyuma na mbuzi. Mama yako anadhani nasikitikia safari yako, na hilo pia lipo, lakini hili ndilo linalonila. Nasoma yale maneno na kuyapima. "Nikakaa chini nikalia." Dahir hakuwa mtu wa kulia, lakini baridi inabadilisha watu. Hakusema yuko nchi gani. Hakumtaja mjomba wake. Hakukutaja wewe, na alikuwa akikubeba mabegani mpaka dukani. Labda waliotuma walikuwa wengi kwenye foleni na mashine ni moja. Labda ana mtu amesimama nyuma yake anamwambia, tuma, tuma, kabla haijakufa. Namjua mtu wa namna hiyo.

Na labda si yeye. Nimemfikiria sana huyo ambaye si yeye. Kwanza nilimfikiria kwa hasira, nikasema ni mwizi, anatafuta jina la kuandikisha kwenye makaratasi ya ukimbizi ya huko. Kisha usiku mmoja nikawaza kitu kingine. Nikawaza ni kijana fulani aliyekaa mbele ya ukurasa ule, akasoma kila tangazo kutoka juu mpaka chini akitafuta jina lake, na hakuna aliyemtafuta. Akafika kwangu. Akakuta mzee wa Garissa anayepiga kelele kwa herufi nene anamtaka mwanawe, na chapa imewekwa wazi pale, kama mlango usio na komeo. Akaingia.

Nikifika hapo nashindwa kumchukia. Nashindwa kufanya lolote. Mimi niliyekuwa nikitazama ngamia kwa mbali nikajua ana mimba au hana, nimeshika karatasi ya mistari michache na siwezi kujua kama ni mtoto wangu.

Ulimjibu salamu, na kabla hajarudi na neno, ofisi ikafungwa. Wekesa akarudishwa Nairobi, mashine ikatiwa sandukuni. Sasa hakuna mtu Garissa ninayemjua anayeweza kuufungua ukurasa ule. Ndiyo, najua, nilikukatalia safari hii ya Nairobi. Nilisema binti yangu hatoki. Nilimtuma shangazi yako akatae, nikamtuma shehe akatae, na shehe akarudi akasema hana cha kukataa. Kisha ukaja kunyunyizia maji hapa uani, ukaniuliza bila kuniangalia, "Aabo, nikibaki, Dahir ataniandikia wapi?"

Nilisema tu ndoo hiyo inavuja, nikaondoka. Hiyo ilikuwa ruhusa, kama hukujua. Ndivyo inavyotoka kwangu.

Sasa unakwenda kwa hao watu wa Nairobi ambao kazi yao ni kurasa za kompyuta tu, kuzitengeneza asubuhi mpaka jioni. Nimewaambia watu sokoni kwamba wamekuomba kwa magoti. Utaandika maneno ya matajiri na mahoteli, utayanenepesha wanapotaka, utafunga walipofungua. Sina ushauri kwa kazi hiyo, nilichokijua umekiona. Ila akija mteja mzee, anataka kila kitu kiwe chekundu na kiwakewake, usimcheke haraka. Labda ana mtu amempoteza na hajui kusema kwa njia nyingine.

Kitu ninachotaka ni kimoja.

Kuna jambo sikuliweka kwenye tangazo, si kwa akili, lilinipita tu, na Mungu ndiye aliyelipitisha. Dahir alipozaliwa nilimpa ngamia wa kitovu. Hujaona sisi tukifanya hivyo kwa sababu ulipozaliwa wewe tulikuwa tumeshahamia mjini, nawe ni msichana, nikakupa kuku. Ukamla mwenyewe ulipokuwa mkubwa, kwa hiyo usinidai. Kitovu cha mtoto wa kiume kikianguka, kinafungwa kwenye mkia wa ngamia mdogo jike, na tangu hapo ngamia yule na wazao wake ni wa mtoto. Wa Dahir alikuwa mweupe, mwenye goti baya, na tulimwita jina la ajabu, si jina la ngamia. Dahir alilichagua mwenyewe alipoanza kusema, kwa kukosea, na tukaliacha hivyo hivyo. Ngamia yule alikufa kwenye ukame kabla hujapata akili. Jina lile wanalijua watu watatu. Wawili wako nyumba hii.

Hapa silisemi. Unaona nimejifunza. Wala usimuulize mama yako, nimemwapisha, na kwa mara ya kwanza ameniogopa kidogo, au amejifanya.

Ukifika kwenye mashine yako, mwandikie hivi. Usiweke rangi. Usinenepeshe hata jina langu. Maneno ya kawaida, ukubwa wa kawaida, kama mtu anayesema ndani ya nyumba: "Ngamia wako wa kitovu tulimwita," halafu acha nafasi. Hakikisha nafasi inaonekana. Wekesa aliwahi kusema mashine ile hukusanya nafasi nyingi ikazifanya moja, sasa tafuta dawa yake, naamini ipo. Atakayesoma aione wazi kwamba hapo pametengwa mahali pake.

Akijaza jina, na likiwa siyo, usimtukane. Nimefikiri hili tangu alasiri na mkono umekufa ganzi, lakini nataka liandikwe. Baadi aliyeingia kwangu sijawahi kumwacha na kiu kwa sababu si wangu. Nilimnywesha na wangu mpaka mwenyewe akaja, na wengine mwenyewe hakuja. Muulize jina lake la kweli. Muulize jina la mama yake na kisima alichonyweshea. Kisha fungua tangazo jipya, la kwake, ulipange vizuri kuliko ulivyopanga langu, na chapa ya watu wake, kama anaikumbuka, usiionyeshe. Mwachie nafasi naye. Uandike chini kwamba wanaomjua wamtafute kwa mzee wa Garissa. Mimi nitawasikiliza wakieleza.

Na vyovyote vile, nipigie mimi kwanza, kabla ya mama yako. Simu ya duka la Gedi inafanya kazi siku ambazo inafanya kazi. Nitakuwa pale. Nitasema nimekuja kunywa chai.

Usianze na salamu ndefu. Usiniambie kama unadhani ni zuri au baya, wewe hulijui jibu. Lisome tu jina alilojaza, herufi kwa herufi kama alivyoandika, halafu nyamaza. Nitachelewa kusema. Usidhani laini imekatika, usikate simu. Ngoja.

Wanakuita kwa ajili ya hina, nasikia. Nenda. Barua nitaitia kwenye mfuko wa koti lako, ule wa ndani, uikute njiani mimi nikiwa mbali na siwezi kukukatalia tena.

Baba yako